Makaburi ya Sarajevo na Kaburi la Bibi

Kosa langu la mapema katika kusimulia habari lilikuwa hili: jambo nisilokuwa na hakika nalo niliacha kulisema, nikadhani huko ndiko kuwa mkweli.

Nilikuwa fundi redio Jinja, kwenye baraza la duka la zamani la Mhindi. Kazi nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu redio za watu. Niliogopa kukosea kiasi kwamba waya mmoja niliulehemu na kuubandua mara nyingi, mpaka mwenye redio akachoka kusubiri.

Wakati huo mji wa Sarajevo, huko Ulaya, ulikuwa umezingirwa kivita, nami nilifuatilia kila taarifa. Jumatano moja niliitwa nyumbani, kilimani nje ya Mbale, kwa sababu bibi yangu alikuwa mahututi. Sisi ni Wayahudi, familia chache, na majirani zetu wa karibu ni Waislamu. Njiani, dukani kwa haji mmoja jirani yetu, wanaume waliniuliza habari za Waislamu wenzao wa Sarajevo. Nikawaambia mji unapigwa mizinga kutoka makaburi ya Wayahudi. Nani aliyeishika mizinga hiyo sikusema. Jina la watu wale sikuwa na hakika kama ningelitamka sawasawa, nikaona aibu. Hakuna aliyeuliza. Haji alinirudishia chenji bila kuniangalia.

Bibi alifariki Ijumaa alfajiri. Kwetu maiti huzikwa siku ileile, na jua likizama Sabato inaingia, hakuna tena kuchimba. Wakristo wa pale huweza kukaa na maiti wao wakingoja ndugu wa mbali. Waislamu ndio wanaoielewa haraka yetu, kwa kuwa ni yao pia. Kila tulipofiwa walikuja na sururu bila kuitwa, maana ardhi yetu ni mawe matupu na vijana wetu wengi hushinda viwandani Mbale.

Siku ile hakuja mtu. Baba na wajomba walichimba mpaka adhuhuri, shimo likawa bado halijafika magotini. Baba akatupa jembe.

"Maneno ya dukani yametufikia. Uliyasema wewe," akaniambia. "Nenda wewe."

Nilisimama nje ya msikiti wakiwa ndani katika swala ya Ijumaa. Nikaipanga sentensi yangu, nikaibomoa, nikaipanga upya. Walipotoka, yote ilinitoka kichwani. Haji alinipita. Nikamshika kanzu.

"Haji, bibi amekufa."

"Nimesikia. Pole." Hakusimama. "Watu yako wanapiga Waislamu na mizinga, halafu unakuja kwa sisi kutafuta sururu?"

"Si Wayahudi, Haji. Ni jeshi la Waserbia, ndilo limezingira mji. Makaburi yetu yako mlimani juu ya mji, wameyateka. Wanajificha nyuma ya mawe ya wafu wetu, wanapiga walio chini. Wayahudi walio hai wamo mjini, wanapigwa pamoja na Waislamu."

"Na Jumatano kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kukosea jina lao."

Mtu mmoja nyuma yake akacheka, akasema fundi huyu redio yake inashika nusu ya habari tu. Haji hakucheka. Aliniuliza kama mawe yale ya makaburi yanavunjika. Nikamwambia yanavunjika, kwa risasi za pande zote mbili. Mimi nilikuwa naangalia kivuli cha ukuta wa msikiti, jinsi kilivyoanza kurefuka.

"Hata maiti hawawaachi," akasema mwishowe. Akawageukia wenzake. "Leteni ile sururu kubwa."

Walichimba kwa zamu, kanzu zao zikining'inia kwenye mibuni. Mmoja alininyang'anya jembe, akidai nalishika kama bisibisi. Mawe yalitoa cheche. Hakuna aliyezungumza nami zaidi ya hapo, na sikuwalaumu. Bibi tulimshusha ndani ya sanda jua likiwa limekaribia kabisa kuzama, tukafukia mbiombio. Haji aliondoka bila kunywa hata maji. Alikuwa bado ana hasira nami.

Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kuchimba kaburi upande wao. Nilijiambia kazi zimenibana Jinja. Siku hizi nikisikia kwao kuna msiba, nafunga kazi, napanda gari la Mbale, nakwenda kuchimba.