Mzee Niliyemlilia Ubelgiji

Niseme mapema ili msije mkanionea huruma bure: nilimnyang'anya bibi wa watu mume wake siku ile ile ya kumzika, na mpaka leo nimeshindwa kumrudishia. Sikukusudia, lakini nani hukusudia mambo kama haya?

Nilikuwa mwaka wa mwisho wa ualimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, na chuo chetu kina urafiki na chuo kimoja cha Ubelgiji, kila mwaka mwanafunzi mmoja anaenda kukaa wiki tatu kwenye darasa la kule aone wenzetu wanavyofundisha. Mwaka ule zamu ikaniangukia mimi, Béa, mtoto wa mama muuza samaki wakavu wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi. Mama alilitangazia soko zima (nasikia mteja alipewa kwanza habari ya visa, samaki baadaye). Siku nne kabla ya safari akaanguka pale pale kwenye meza yake, na hospitali hakufika.

Nilitaka kubaki. Mazishi yalikuwa yanawangoja wajomba watoke Kasomeno, na ndege haikuwa inamngoja mtu. Yaya Fifi, dada yangu mkubwa, akanivuta nyuma ya nyumba, akanishika mashavu.

"Béa, wende. Visa haingojeake muntu. Mama mwenyewe alikuwa anapenda wende. Siye tutamulilia huku, weye utamulilia kule."

Nikaenda. Mazishi ya mama niliyasikiliza kwa simu, nimekaa kitandani kwa watu, mtandao unakatika kila wanapoanza wimbo, na chozi halikutoka hata moja. Mtu analiaje peke yake kwenye chumba chenye zulia? Kulia kunataka watu. Kwetu kukiwa na kilio, turubai limefungwa barabarani, akina mama wamekaa kwenye mikeka, ukipita unaingia hata kama marehemu humjui, unakaa, unalia, na kila mtu anajua kwamba nusu ya walio pale wanalilia watu wao wa zamani. Unamtuma yule marehemu mpya awasalimie wa kwako, unapangusa uso, unaenda zako sokoni. Hakuna anayekuuliza kitu.

Sasa wiki ya pili, Jumatano, siku ambayo kule shule inaisha saa sita mchana, nilikuwa natembea kurudi nyumbani kwa Madame Claire, mwalimu wa darasa nililopewa, ambaye ndiye aliyenipa na chumba. Napita kanisani, naona jeneza linaingizwa, na miguu ikaingia yenyewe. Ningekaa benchi la nyuma kama mtu mwenye akili, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mlangoni alisimama bwana wa suti nyeusi, akaniuliza kwa adabu kabisa kama mimi ni wa familia, na mimi nikajibu ndiyo. Jamani, nani anaingia kwenye kilio halafu anasema hapana? Kwetu ukisema hapana ni kama kusema msiba wenyewe haukuhusu. Basi akanishika kiwiko, akanipeleka mbele, benchi la pili, nyuma kabisa ya mjane.

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, hakuna anayelia. Watu kama arobaini wamenyooka, mtu akitaka kupenga kamasi anaomba radhi kwa jirani. Nikaona aibu kwa niaba ya marehemu. Nikasema moyoni, muzee wa watu ataondokaje hivi, kama mtu anayetoka posta? Basi nikaona nimsaidie (kulia najua, kwa hilo msinibishie). Nilianza polepole, lakini sauti ya kwanza ilipotoka, zile wiki mbili zote zikatoka nayo. Nikavua viatu, nikapita mbele ya watu, nikakaa sakafuni, nikalishika jeneza, nikaanza kusema naye kwa Kiswahili chetu.

"Muzee, ukifika kule umusalimie mama. Umuambie sikumuzika, lakini sikumusahau."

Padri alinyamaza katikati ya sala. Aliyekuja kuninyanyua ni mjane mwenyewe, Madame Odile, mwanamke mwenye umbo dogo na nywele nyeupe pe, na wala hakunifukuza. Baada ya maziko akaniomba nifike kwake kunywa kahawa pamoja na wengine, nikaona kumbe kulia kwangu kumethaminiwa, nikaenda kichwa juu. Akanikalisha kando yake, akaniuliza natoka wapi. Nikasema Lubumbashi. Kikombe chake kikabaki hewani. Akaniuliza nilikuwa namwambia nini mume wake, na mimi, mwanafunzi mwema, nikamtafsiria neno kwa neno: nilimwomba amsalimie mama yangu akifika.

"Mama yako alikuwa na miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili."

"Una picha yake?"

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Tangu nifike kule hakuna aliyekuwa ameniuliza habari za mama, basi nikamwaga yote, samaki, soko, ucheshi wake, mpaka jinsi alivyokuwa anakohoa kabla ya kutaja bei. Nikamwonyesha kwenye simu, amesimama mbele ya meza yake, rangi yake ya maji ya kunde iking'aa juani. Madame Odile aliisogeza ile picha karibu na macho, akaitazama muda mrefu, akasema ana macho mazuri. Kisha akainuka, akaingia chumbani, na sikumwona tena siku ile. Mimi nilibaki pale nikala keki vipande vitatu.

Madame Claire ndiye aliyenifungua macho kesho yake, wakati wa mapumziko, ameniweka pembeni ya darasa. Akaniambia mji mzima unasema mimi ni mjukuu wa marehemu. Kumbe yule mzee, akiwa kijana, alifanya kazi miaka miwili kwenye migodi ya Katanga, mke wake akabaki Ubelgiji na mtoto mchanga, na ukihesabu, miaka ile ilikuwa inaangukia vizuri kabisa kwenye umri wa mama. Nikatafuta pa kukaa, nikapata kiti cha mtoto wa darasa la kwanza. Baba yake mama namjua, alikuwa fundi viatu, amenibeba mgongoni. Yule mzee wa jeneza hata jina lake nilikuwa silijui.

Jumamosi nikaenda kwa Madame Odile. Ukutani, juu ya kabati, palikuwa na alama ya picha kubwa iliyokaa pale miaka mingi na sasa imeondolewa. Nikaanza kulia kabla ya kusema.

"Maman, mume wako simjui. Nilikuwa napita tu. Nilimlilia mama yangu kwenye msiba wako."

Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti, kisha akanipapasa mkono.

"Una moyo mzuri, binti," akasema. "Yeye pia alikuwa hivyo. Alijua kunidanganya ili nisiumie."

Nikaapa. Nikataja jina la babu, kazi yake, mtaa wake, na kadiri nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunihurumia. Mwishowe akaleta bahasha, ndani mna picha za mzee akiwa kijana, kofia kichwani, viatu vyekundu kwa vumbi letu. Akasema hizi ni zenu, akaninyooshea kwa mikono miwili. Na mimi, ambaye tangu utoto sijawahi kukataa kitu ninachopewa na mtu mzima kwa mikono miwili, nikapokea, nikapiga na goti. Nilipofika barabarani ndipo nikaelewa kwamba kupokea kule ndiko kulikomaliza kesi. Nikarudi mbio kuzirudisha, mlango umefungwa, na ndani nikamsikia analia, sasa kwa sauti, peke yake.

Niliporudi nyumbani Yaya Fifi alizikuta kwenye sanduku.

"Uyu muzungu ni nani?"

"Ni muzee moya nilimulilia kule."

"Na mama, ulimulilia?"

Nikamwambia ndiyo, kisha nikamweleza nilivyomlilia, na kwa mara ya kwanza tukalia wote wawili, yeye anacheka katikati, mimi sicheki.

Vilio vya watu bado naingia, hiyo sitaiacha. Lakini nimeapa, nikifika mlangoni nasema kwanza: mimi ni Béa, marehemu simjui, nimekuja kumlilia mama. Akina mama wananishangaa kidogo, halafu wananisogezea mkeka.

Madame Odile nimemwandikia mara mbili, nikatia na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mama, jina la babu limeandikwa wazi. Amejibu mara moja tu. Cheti hakukigusia. Aliuliza kaburi la mama liko upande gani wa mji, maana angependa kumtumia maua mtoto wa mume wake. Barua hiyo sijaijibu.