Eda ya Mtu Aliye Hai

Siku niliyovuliwa bangili na mume wangu bado yu hai, hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nakusimulia kwa sababu Ijumaa hii utapanda mimbari ya msikiti wa Ngomeni kwa mara ya kwanza ukiwa imamu, na nasikia huko wapo wake wa askari. Basi keti, kahawa ipo, na hiyo simu iweke kando.

Nilikuwa kijana, hina ya harusi ndiyo kwanza yafutika. Tulikaa Shela, hapa hapa Malindi, kwa mavyaa yangu Bi Rukia, mamake mume wangu. Salimu, mume wangu, alikuwa askari wa kambi ya Mariakani, na walikuwa wamepelekwa nchi ya watu kulinda amani. Simu za mkononi hazikuwako. Asubuhi moja redio ikasema askari wetu wameshambuliwa huko na baadhi wameuawa. Haikutaja jina la mtu. Lakini watu wa mtaa wetu, habari ikiwafikia nusu, huimalizia wenyewe. Kufika adhuhuri Salimu ashakufa, ashazikwa, na wengine walijua hata risasi ilimwingia wapi!

Bi Rukia alilia hadi sauti ikamkauka. Wanawake wakaniingiza chumbani, wakanivua bangili, wakanivika nguo nyeupe, wakaniambia nimeingia eda: nisitoke nje mpaka miezi yangu itimie. Nikauliza, "Nani amemwona Salimu maiti?" Wakasema nina kichwa kigumu na sina haya. Wallahi niliogopa, mwanangu. Niliona wakizidi kumlilia hivi atakufa kweli.

Asubuhi yake akaja Maalim Athumani, imamu wa msikiti wetu. Bi Rukia ndiye aliyemwita, aje asome khitima. Mimi niko nyuma ya pazia, nasikia kila neno.

"Nani amewaletea habari?" akauliza Maalim.

"Redio, Maalim."

"Redio imemtaja Salimu?"

Bi Rukia akajifunika uso kwa leso.

"Ala! Basi mimi nimsomee mtu khitima kwa uvumi? Salimu ni msafiri, na msafiri huombewa arudi." Akainua sauti kuelekea chumbani. "Mwanangu huko ndani, vaa buibui. Twende Mariakani."

Bi Rukia akaruka. "Maalim, mtu wa eda hatoki!"

"Eda ya nani, Bi Rukia? Mrudishie mkeo bangili zake, nawe uvae viatu, twende sote." Alisema hivyo, "mkeo", kama tunavyowatania kina mavyaa kwamba mke wa mwana ni mke wao, na katikati ya kilio kile kuna mwanamke alicheka. Nami nilipumua.

Tukapanda basi. Langoni pa kambi askari wa zamu akatuambia turudi nyumbani, habari zitatufikia kwa njia yake. Maalim hakubishana naye. Akasema, "Basi niitie padri wenu." Akaja padri wa jeshi, mtu wa bara, mrefu, amevaa magwanda. Maalim akamshika mkono. "Ndugu yangu, nimekuja na familia ya askari wenu. Imevishwa nguo za msiba na maiti hakuna. Nisaidie." Padri alitutazama, mimi na mavyaa, akageuka akaingia ndani.

Tulikaa kwenye nyasi kando ya ua. Bi Rukia alinibana mkono hadi ukaniuma. Nilishaanza kujiambia nimebaki mjane kweli, nilipomwona padri anarudi, nusu atembea nusu akimbia, akipunga mkono tangu mbali.

"Yu hai! Ameumia mguu, yuko hospitali, amwulizia mamake!"

Bi Rukia akapiga vigelegele palepale langoni pa jeshi! Yule askari wa zamu alishtuka akashika bunduki, kisha akacheka hadi akafuta machozi. Nami nikavipokea vigelegele, haya zote nikaziacha hapo.

Salimu alirudi akichechemea. Watu wakamjaa barazani kumwuliza ati ameua wangapi. Msikitini akawa akikaa mlangoni, mgongo ukutani, na sala ikiisha atoka upesi. Maalim aliyakemea maswali yale mbele ya watu wote. Kisha kila baada ya sala aliondoka mbele kwenye kibla akaenda kukaa naye mlangoni, wakizungumza mpira. Hakumhubiria hata siku moja. Mpaka Ijumaa moja niko jikoni, nasikia adhana, kumbe sauti ni ya Salimu! Wali uliungua, na Bi Rukia yuko uani apiga kelele, "Huyo mwanangu! Huyo!"

Basi nisikize. Wake wa askari wajue leo, waume zao wakiwa wazima, ubishe hodi kwao siku ambayo hakuna habari yoyote. Uvumi ukija, uwe wa kwanza kufika na wa mwisho kuamini. Padri wa kambi ya waume zao mfanye ndugu, maana yeye hufunguliwa pale utakapofungiwa wewe. Na askari akirudi usimwulize alilofanya. Kaa naye mpaka aseme mwenyewe, na asiposema, kaa naye vilevile.

Nenda, mwanangu. Mola aliyemrudisha Salimu wangu akupe kifua cha kubeba hofu za watu na ulimi mwepesi wa habari njema. Na kila askari utakayemwombea pale Ngomeni, akurudishie akiingia msikitini kwa miguu yake mwenyewe. Amin, na amin tena.