Picha za Harusi Zilizoungua

Nilikuwa nasubiri picha ya pasipoti katika studio moja mjini Mbulu, akaingia mama mmoja kutoka eneo la Endagikot. Aliomba picha ya harusi ya binti yake, waliyemzika juzi.

"Pole sana, mama," alisema mwenye studio, macho sakafuni. "Radi iliunguza kompyuta yangu na picha zote."

Mama alishika kaunta. "Lakini wewe ulimtazama siku ile. Alicheka?"

"Alicheka sana, mama."

Alipotoka, mwenye studio aliniambia kwamba yeye hamkumbuki kabisa bibi harusi huyo. Kabla ya radi hiyo, fundi wa kompyuta alishamshauri akodi nafasi kwenye seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia kazi za watu kupitia intaneti, ya kampuni ya Dar es Salaam, akakataa, akitaka mali yake aione kwa macho.

Sisi wenye biashara, tukichagua pa kuhifadhi kumbukumbu za wateja, tunauliza bei, na kama tutaziona kwa macho. Tutamwambia nini mama kama yule zikipotea, hatuulizi.