Friji ya Chanjo kwenye Boti ya Tanga, Kutoka Kindu Hadi Lokandu

Niliondoka Kalima kwa sababu ya simu ya mdogo wangu Zaina. Zaina ni muuguzi Lokandu, huniita yaya, yaani dada mkubwa, na si mtu wa kulalamika ovyo. Siku ile sauti yake ilikuwa imekauka. "Yaya, chanjo zimefika tena zikiwa za moto. Nimezitupa zote. Na watoto wa surua wanazidi kuletwa."

Chanjo hizo hutoka Kindu ndani ya friji ya betri, kwenye boti ya mbao ya mjomba wetu Assani. Boti ina injini, lakini mafuta ni ya shida, kwa hiyo mjomba aliiwekea mlingoti na tanga la turubai ili upepo usaidie pale mto unapopanuka. Katika safari ya mwisho waya za betri ziliungua karibu na mapipa ya petroli. Abiria waliruka majini, na kwa bahati wote walifika ukingoni salama. Friji ilizimika. Tangu hapo watu waliikwepa boti ile, na mjomba alianza kutafuta mtu wa kuinunua friji.

Mimi nafunga umeme wa jua kwenye maduka na zahanati za Kalima. Nilikusanya vyombo vyangu, nikamuaga mume wangu, nikapanda pikipiki kwenda Kindu asubuhi hiyohiyo.

Njiani mvua ilikuwa imegeuza barabara kuwa uji. Mara kwa mara dereva aliniomba nishuke, naye akasukuma pikipiki huku mimi nikitembea na mkoba kichwani. Njia hii naijua kwa miguu. Wakati wa vita tulikimbia kwa njia hii mara mbili, mimi na Zaina tukiwa wadogo, mama akiwa mbele na sufuria.

Miaka ile baba alikuwa na kibanda cha kuchaji betri karibu na stesheni ya Kindu. Treni hazikuja tena na mji ulikuwa umefungwa pande zote. Watu walileta betri za magari yaliyokufa ili wasikilize redio, maana kila mtu alitaka kujua vita vimefika wapi. Jirani yetu, Mama Sifa, aliunga redio na taa moja kwa moja kwenye betri ya lori. Waya iliguswa na bati, ikawaka, na nyumba yake yote ikaisha kabla ya ndoo ya pili ya maji kufika. Baba alinipa kipande cha waya ile nyeusi nikishike. "Waya haina akili," aliniambia. "Wewe njo unapaswa kuiwekea mupaka," yaani mimi ndiye ninayepaswa kuiwekea mpaka. Nilikuwa bado na sare ya shule, na nadhani kazi yangu ilianza siku hiyo.

Alasiri tulifika Alunguli, ng'ambo ya mji wa Kindu. Nilivuka mto Lualaba kwa mtumbwi hadi bandarini, ambako mjomba Assani alikuwa akinisubiri na kofia yake ya swala.

"Asalam aleikum, mama. Barabara haikukuuwa?"

"Aleikum salam, mujomba. Ilijaribu tu. Boti iko wapi?"

Alicheka, lakini alinipeleka kwanza kula wali na samaki. Kesho yake ndipo aliponikutanisha na Papa Lutumba, fundi wa injini, ambaye ndiye aliyefunga waya za kwanza. Alikuwa mtu mnene, mwenye mikono safi kuliko mafundi wengi, na hakufurahi kuniona.

"Wanasema mimi njo niliunguza boti," alisema. "Lakini fyuzi niliweka, mama. Iko pale kwa altaneta. Na ilikata. Fyuzi ilikata na waya ikaendelea kuwaka. Hapo njo sielewi."

Nilimwomba anionyeshe. Betri zilikuwa zinachajiwa na vyanzo vitatu: altaneta ya injini, paneli za jua juu ya paa, na jenereta ndogo ya kutumia boti ikiwa imefungwa bandarini. Waya zote tatu zilikuja kukutana kwenye kichwa kimoja cha betri, na upande huo hapakuwa na fyuzi hata moja ya kukata umeme. Waya ya altaneta ilikuwa imesuguliwa na chuma cha injini mpaka ngozi yake ikatoka.

"Papa, fyuzi yako ilifanya kazi yake," nilimwambia. "Ilizuia umeme wa altaneta. Lakini waya ina ncha mbili. Ncha ya pili iko kwenye betri, na betri nayo inasukuma. Tena inasukuma kuliko altaneta."

Alitazama waya, kisha akaifuata kwa kidole, kutoka injini hadi betri, na kurudi. "Kumbe ilikuwa inakula kutoka huku," alisema polepole. Nilimwona akishusha mabega, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Tangu hapo tulifanya kazi pamoja.

Tulichukua kipande kinene cha shaba, tukakifanya mahali pa kukutania waya zote. Kila chanzo kilipewa fyuzi yake karibu na shaba hiyo, kwa kipimo cha unene wa waya yake, na fyuzi kubwa ikawekwa karibu kabisa na betri. Fyuzi ya Lutumba kwenye altaneta tuliiacha, kwa sababu ilistahili kubaki. Waya tulizipitisha mbali na injini, ndani ya bomba la mpira. Kisha, mbele ya abiria waliokuja kutazama wakiwa wamekunja mikono, nilichukua waya ya zamani nikagusanisha makusudi chanya na hasi nyuma ya fyuzi moja. Ilisikika *tak*, fyuzi ikakata. Hapakuwa na moshi. Mama mmoja muuza mchele aliuliza, "Njo hiyo tu?" Nikamwambia njo hiyo tu. Akaenda kuleta magunia yake.

Siku iliyofuata tuliondoka Kindu jua likiwa limepanda, chanjo zikiwa ndani ya friji na mapipa ya petroli mahali pake pa siku zote. Mto ulipopanuka mjomba alizima injini na tanga likajaa. Boti ilikimbia bila kelele, na watu wakaanza kuzungumza kwa sauti za kawaida. Mimi nilitazama paa. Kivuli cha tanga kiliangukia nusu ya paneli, nazo zikatoa umeme kidogo tu. Kila boti ilipogeuka, jua lilirudi. Friji iliendelea kuvuma.

Mchana upepo ulikuja kwa ghafla na mvua nyuma yake. Kabla hatujashusha tanga, mti wake wa chini ulikatika ukaanguka juu ya paa, ukazibana waya za paneli kwenye chuma cha ukingo mpaka zikagusana. Nilisikia *tak* ileile. Mama wa mchele alishika gunia lake, wengine walisimama tayari kuruka. Nilifungua sanduku la betri nikazishika waya. Zilikuwa za baridi. Fyuzi ya paneli ilikuwa imekatika. Nyingine zote zilikuwa nzima.

"Papa, washa injini," nilisema.

Lutumba aliwasha. Altaneta ikachukua kazi palepale, na friji haikunyamaza hata kidogo. Aliinua kichwa kutoka kwenye injini, uso umejaa maji ya mvua, akawaambia abiria, "Mukae. Boti haiungui leo." Nao wakakaa.

Jioni ilipokaribia tuliona Lokandu. Zaina alikuwa ukingoni na mama wengi, watoto mgongoni. Hakunisalimu kwanza. Alipanda botini, akafungua friji, akasoma kipimajoto, akakisoma tena. Kisha alifunga mlango taratibu, akanikumbatia kwa nguvu hata nikakosa pumzi. "Za baridi, yaya," alisema. "Ziko za baridi." Ukingoni mtu mmoja alianza kupiga vigelegele, na wengine wakamfuata. Kesho yake kutwa nzima niliwasikia watoto wakilia kwa sindano, na sijawahi kufurahia kilio namna ile.

Tulirudi Kindu na boti iliyojaa. Mti wa tanga ulikuwa umefungwa kwa kamba, na waya za paneli zilikuwa mahali papya, mbali na chuma. Lutumba ndiye aliyezifunga. Mimi nilishika tu taa.

Nimejifunza kwamba hakuna chanzo kimoja kinachotosha mtoni. Jua hufunikwa, injini huishiwa mafuta, upepo huvunja mti. Inatakiwa viwe vingi, na kila kimoja kiweze kukatika peke yake bila kuvichoma vingine. Mjomba hatafuti tena mtu wa kuinunua friji. Wiki hii amenipigia simu kusema wenye boti wengine wawili wanataka kufungiwa waya namna ileile, na kwamba Papa Lutumba ameshaanza.