Herufi Moja kwenye Karatasi ya Oddbjørn

Saa moja jioni, Jumatatu, jua la Aprili bado limekaa juu ya paa la shule ya Tverrdal, kijiji cha Norwei. Torunn Fagerli anaingia ukumbini na buti zake za kazini, anaketi nyuma ya wapiga tuba, yale matarumbeta makubwa ya sauti nzito, penseli ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Leo bendi ya kijiji inapiga kura. Ama iende mashindanoni na kipande cha muziki alichowatungia Torunn, ama irudie wimbo wake wa gwaride wa kila mwaka.

Mchana Torunn, mwenye miaka 52, anachambua taka kwenye kituo cha taka cha wilaya. Huko ndiko alikookota sauti zake.

"Sinia la oveni likianguka kwenye kontena, linalia kama barafu ya mto ikikatika," anasema. "Nikajiambia, hii lazima ipigwe."

Miezi kumi na minne aliandika "Mto Unafunguka", saa moja kila siku kabla ya kazi. Ndani yake wapiga klarineti wanapuliza pumzi tupu, mapigo yanahesabiwa saba saba, na mtu anatikisa sinia. Wapigaji walikuwa arobaini. Wawili wameshaacha.

"Tumeuza karatasi za chooni nyumba kwa nyumba miaka mitatu kuchangisha pesa, ndiyo tukapata ngoma hizi," Jorid Bakken, mpiga tuba, anamgeukia. "Halafu wewe unatuletea kelele za jalalani!"

"Sinia lenyewe ni lako, Jorid. Si ulilitupa mwenyewe?"

Ukumbi unacheka.

Ila shida si sinia. Mwishoni bendi nzima inatua kwenye sauti moja ndefu: barafu imeondoka, maji yanapita. Wiki tatu sasa sauti hiyo inakuja chafu, inakwaruza. Torunn amejilaumu. "Nilisema, mchambua taka kaandika taka."

Leo tena imekwaruza, na kutoka nyuma Torunn amesikia mkwaruzo ukitokea upande wa ngoma. Kiongozi wa bendi, Asgeir Moan, anashusha fimbo yake. "Tunywe kahawa kwanza. Kisha kura."

Torunn haendi kwenye kahawa. Anakwenda kwa Oddbjørn Lien, seremala mstaafu wa miaka 74, anainamia ngoma yake kubwa ya shaba, ya aina inayopandishwa na kushushwa sauti kwa pedeli, na kuigonga kwa kidole.

"Umeiweka kwenye sauti gani hii?"

"B. Si ndivyo ulivyoandika?"

"Hii si B, Oddbjørn."

"Binti yangu, mimi nilianza kupiga B hujazaliwa."

Asgeir anasogea na kikombe chake, anaisoma karatasi, mara anaanza kucheka mpaka kahawa inamwagika.

Kwa Wanorwei wa umri wa Oddbjørn, B ni sauti iliyo nusu hatua chini ya ile aliyoikusudia Torunn. Hiyo aliyoikusudia wao wanaiita H. Kompyuta ya Torunn haiijui H. Iliandika B kwa mtindo wa kigeni, unaotofautiana na wao kwa herufi hiyo tu. Wapigaji wengine wote wanafuata noti za muziki kwenye mistari. Oddbjørn peke yake huweka sauti ya ngoma kwa kufuata herufi zilizo juu ya ukurasa.

Torunn anafuta, anaandika H. Oddbjørn anakanyaga pedeli. Wanaupiga ule mwisho tena.

Sauti inatua safi.

Oddbjørn anakaa chini taratibu. "Mimi nilidhani masikio yangu yamekwisha," anasema. "Barua ya kuiaga bendi nimeshaiandika. Hii hapa mfukoni."

"Nipe," Torunn anamnyooshea mkono. "Kesho niko zamu ya kuchambua karatasi."

Kura inachukua muda mfupi kuliko kahawa. Mikono yote inainuka kukikubali kipande cha Torunn, wa Jorid ukiwa wa mwisho. "Lakini baada ya mashindano nirudishiwe sinia langu!"

Mashindano ni wiki mbili zijazo. Baada ya hapo Torunn anapanga kutunga kipande kingine, ngoma mbele, bendi nyuma, kwa ajili ya Oddbjørn.

Mzee anafunika ngoma zake huku akiwaza.

"Basi kianze na A," anasema. "Kwenye A hatugombani."