Siku Thelathini Ndani ya Friji

Kazini walimwita Kiguu na Njia, na hakuna aliyemsingizia. Mwanamke yule hakujua kukaa. Chai aliinywa amesimama, simu aliipokea akitembea, na mumewe alikwisha kuzoea kuzungumza na mgongo wake. Sijui nani alimpa mtu kama huyo kazi ya kulea viumbe wasiotaka kitu ila kuachwa.

Alikuwa mtunza matangi katika maabara ya viumbe wa baharini. Friji moja ilikuwa na chupa sita za maji ya chumvi, na kwenye kuta za chupa walinata watoto wa konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, wadogo kuliko punje ya mchele, hawaendi popote. Baridi ndiyo saa yao. Kila siku ya baridi mwili hutengeneza kemikali kidogo. Ikifika kipimo, mtoto hujikata visahani, na kila kisahani huogelea zake kuwa konyeza. Wakipata joto mapema, hesabu huharibika.

Mara mbili siku thelathini zilitimia, hakuna aliyejikata. Mkuu wa maabara, mama wa maneno machache, akakata shauri.

"Kizazi hiki kimechoka. Ijumaa mwaga wote."

Kiguu na Njia alikuwa amewalea miaka sita. Akaishika ndoo ya kumwagia, akaiweka, akaishika tena.

"Daktari, hawajachoka. Ni mimi."

"Umefanya nini?"

"Nawatoa. Nawaweka pale dirishani, niwatazame kidogo tu."

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Nikizidiwa, mara tatu."

Daktari akavua miwani. "Ungekuwa kuku wewe, tusingeona kifaranga! Haya, siku thelathini nyingine. Na ufunguo wa friji?"

Akauvua shingoni, akampa. Aliona aibu, na papo hapo akaona nafuu.

Siku zile alizisikia moja moja. Alisugua matangi yaliyokwisha kung'aa, akapanga rafu upya mpaka wenzake wakakosa nyavu zao.

"Kaa basi, mke wangu," mumewe alimsihi, "sakafu itatoboka."

Siku ya thelathini Daktari akamrudishia ufunguo. Akafungua. Katika chupa ya tatu visahani vilikuwa vikipwita, vingine vimekwisha kujinasua. Machozi yakamtoka. Mkono ukaenda wenyewe kuitoa chupa, ukasita hewani. Chupa tano zilikuwa bado.

Akafunga mlango, akavuta kiti, akakaa.