Meza ya Baba na Kodi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipofungua ukumbi wa kamari barabara ya kwenda stesheni, watu walikuja kunipa hongera mimi. Sokoni, kanisani, hata yule mama anayeniuzia mkaa. Niliwaitikia kwa meno tu, huku roho inaniuma. Wivu ninao na sijawahi kuuficha. Wanaouficha ndio wanaopata vidonda vya tumbo.

Mtu akisikia dada anamwonea wivu mdogo wake atadhani ni mambo ya wanaume au ya nguo. Hapana. Ni mambo ya baba yetu na Jumapili zake.

Baba alifanya kazi reli. Ujanani alipangiwa stesheni ndogo ya Igalula, na huko, katika kusubiri treni zisizofika, wenzake wakamfundisha poka, ule mchezo wa karata wa kuwekeana fedha. Alipostaafu, na mama ameshatangulia, alikuja kukaa kwangu hapa Tabora, Mtendeni, kwenye nyumba hii yenye kibaraza cha nyuma ninakouzia chakula na vinywaji. Hakuja na vitu vingi. Alikuja na sanduku la nguo, redio, na meza ya duara ya mninga ambayo iliwashinda wabebaji ikabidi tuite majirani. Tukaiweka kibarazani, na haijahama mpaka leo.

Kila Jumapili baada ya misa wazee wenzake walikuja kucheza. Mwalimu mstaafu, fundi cherehani, mfuga nyuki mmoja wa Uyui mwenye kikohozi, na wengine wa kuja na kwenda. Walicheza kwa fedha, ndiyo, fedha za wazee, na meza ilikuwa na sheria moja ya baba: aliyeshinda hainuki mpaka awalishe aliowala fedha zao. Ukishinda kidogo, ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ya karanga. Ukishinda sana, kuku. Baba alisema mtu hawezi kurudi kwa mkewe ameliwa halafu ana njaa juu yake.

Chakula hicho nilikipika mimi na mshindi alinilipa mimi. Ndivyo kibaraza kilivyoishi, na ndivyo nilivyokuwa na baba yangu Jumapili nzima mbele ya macho yangu. Alikula kimya nilichompa, ananawa, anasema "haya mama," basi. Sisi binti zake wote wawili anatuita mama. Hajawahi kusifia chakula changu na hajawahi kuomba kuongezewa, lakini alikuwa anakula kwangu, na hilo lilinitosha.

Sasa huyu mdogo wangu ndiye aliyesoma. Alikaa Dar es Salaam miaka, akaolewa, akaachika, akarudi na fedha na maarifa. Alikuja kunisalimia siku anafungua ukumbi, kavaa suruali ya kitambaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, ingawa kwako kuna kiyoyozi."

Akacheka. Akaanza kunieleza ukumbi wake. Kila kitu kina leseni. Kuna mashine za kamari ukutani, kuna meza ya poka yenye kitambaa cha kijani, na binti mwenye tai anayegawa karata. Mtu akishinda, kodi inakatwa palepale, serikali inachukua chake kabla mshindi hajashika chake. Na yeye mwenye ukumbi analipa kodi yake kila mwezi, na zile mashine zinalipiwa ziwe na watu, zisiwe na watu. Aliyasema hayo kifua mbele, kama mzazi anayetaja shule ya mwanawe. Na mimi, Mungu anisamehe, hata hizo kodi nikazionea wivu. Mimi serikali inanijua kwa yule kijana wa ushuru tu, naye akija anaomba chai.

Wazee walianza kunyata mmoja mmoja. Mwalimu alisema anakwenda kuangalia tu. Fundi akasema anamsindikiza mwalimu. Jumapili moja mezani alibaki baba na mfuga nyuki, na poka ya watu wawili haina maana. Baba akakusanya karata. Jumapili iliyofuata aliniomba nimpigie pasi suti yake.

Nilipiga ile pasi nikilia. Suti hiyo aliivaa mara ya mwisho kwenye mazishi ya mama. Kwangu alikuwa anacheza na fulana na kandambili, sasa kwa yule anakwenda kama anaitwa ikulu. Bajaji ikaja, akapanda, akanipungia mkono. Nilipika kama kawaida kwa ukaidi tu, nikakaa nakitazama chakula kinapoa.

Alirudi jua halijazama. Alikaa kwenye meza yake, na suti yake, akaniuliza kama kuna chochote. Nikampa ugali uliopoa. Aliumaliza wote, wala sikumuuliza kitu. Dereva wa bajaji ndiye aliyenisimulia, huku anajizuia asicheke.

Baba alishinda. Alishinda vizuri, kila mtu aliona. Akaenda dirishani na sarafu zake za plastiki, wakamkata kodi, akapokea kilichobaki. Hakulalamika. Akageuka, akamwambia mhudumu alete chakula kwa wote walioliwa. Sasa pale ukumbini walioliwa ni nani? Kwa akili ya baba, nyumba ni moja. Vijana wanaobonyeza mashine ukutani nao wameliwa, wamo. Mlinzi naye alikuwa ameweka kidogo, naye yumo. Mhudumu akadhani mzee ana hela za kumwaga, akaleta sahani za kuku ukumbi mzima. Ilipokuja risiti, kuku wa pale nao wana kodi yao, na kile kilichobaki kwenye ushindi wa baba hakikugusa hata nusu. Mdogo wangu akalipa tofauti kwa fedha yake mwenyewe, mbele ya watu, na baba akasimama na suti yake akiangalia viatu. Kuku hakuonja.

Nilifurahi? Nilifurahi. Kisha nikamwona anavyokunja ile suti polepole, nikaenda kumsaidia.

Jioni hiyo aliniambia maneno machache tu. "Kodi sina ugomvi nayo," alisema. "Babu zetu walibeba pembe kutoka hapa mpaka pwani, na kila chifu walimlipa hongo, ule ushuru wa kupita kwake. Lakini chifu akishachukua chake anakupa maji, anakupa uji, anakuonyesha njia. Pale nimekatwa, na bado niliowala nusura waondoke na njaa."

Hakurudi tena kule. Baada ya muda wazee nao wakarudi kwangu, maana kule mshindi akishakatwa hataki kusikia habari ya kumlisha mtu. Anasema nimeshatoa. Aliyeshindwa anatoka na njaa, mshindi anatoka na kinyongo, na mezani hakuna mtu wa kubaki kupiga naye soga. Kibaraza kikajaa. Mimi nikaanza kuimba jikoni. Nilimtuma mteja mmoja aende akanunue soda ukumbini kwa mdogo wangu, akiulizwa aseme kwa dada kumejaa amekosa pa kukaa. Eti mimi ni dada mkubwa.

Hazikupita wiki nyingi mtendaji wa kata akaja. Mtu mpole, alikunywa soda yangu, akalipa. Akasema amesikia hapa kunachezwa karata za fedha, na kucheza kwa fedha kunataka leseni, na mwenye leseni analipa kodi. "Mama, ukikata leseni, karibu. Usipokata, fedha zisionekane mezani." Akanitajia gharama. Nikaangalia kibaraza changu, mabati yake, viti vyake vya plastiki, nikacheka, kwa sababu kingine cha kufanya sikuwa nacho.

Nani alimwambia? Mpaka leo sijui. Wakati ule nilijua kabisa. Nilimpigia simu mdogo wangu nikamwambia ukimwaga mboga namwaga ugali, nikakata kabla hajajibu.

Usiku ule sikupata usingizi kwa sababu ya baba. Bila fedha hakuna mchezo, bila mchezo hakuna wazee, na baba bila wazee wake ni mtu wa kukaa kitandani na redio. Au ni mtu wa kuvaa suti akarudi kule kule kwenye kitambaa cha kijani. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Bora angekaa kwangu na redio.

Mfuga nyuki ndiye aliyeleta dawa. Alikuja na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, akaumwaga katikati ya meza. "Tucheze hivi," akasema. "Atakayekuja kukata kodi achukue kipande." Wazee walinung'unika, mwalimu akasema hii sasa ni michezo ya watoto. Baba akachanga karata. Sheria yake ikabaki, ila sasa mshindi haninunulii mimi chakula, kwa kuwa hana alichopata cha kununulia. Mshindi anaingia jikoni na kupika mwenyewe. Unga nautoa mimi, hasara ni yangu. Mmewahi kula ugali wa fundi cherehani? Msile.

Mauzo yaliporomoka. Lakini walikuja, na baba alikuwepo, na fulana yake.

Ndipo Jumapili moja mdogo wangu akatokea. Hakuvaa ile suruali, alivaa kitenge. Nilikuwa nimeshasikia kwamba ameondoa mashine, kwamba watu walipungua na malipo ya kila mwezi hayakupungua. Nilijiandaa kumwambia kitu. Akasalimia wazee, shikamooni, akavuta kiti, akakaa kwenye meza ya baba bila kunitazama.

"Nigawieni," akasema.

Sikujua kama anajua kucheza. Kumbe baba alimfundisha yeye utotoni, alipopelekwa kwake likizo Igalula, wakati mimi nimeachwa Tabora kumsaidia mama. Hilo nalo nililijua siku hiyo, nimesimama na ungo mkononi. Alikula matobolwa ya mwalimu, ya fundi, ya mfuga nyuki, akamalizia na ya baba. Baba alikuwa anatabasamu anavyoliwa.

Mshindi akaingia jikoni kwangu. Nilimfuata nione atakavyoharibu. Alisonga ugali kwa mikono miwili, jasho linamtoka, akatengeneza nsansa. Tukawapelekea wazee, tukarudi kula wenyewe tumekaa kwenye vigoda, sahani moja. Ulikuwa mzuri, nami nilikula.

"Si mimi niliyemwambia mtendaji," alisema.

"Sawa."

"Dada, ule ukumbi niliufungua ili baba awe na mahali pa kukaa kwangu Jumapili. Leseni, kodi, kiyoyozi, vyote vile. Amekaa siku moja tu. Tena akatoka na njaa."

Maneno makali mimi siyakosi. Niliyatafuta. Kabla sijayapata baba akaita kutoka kibarazani, "Mama!" Tukaitika wote wawili. Mimi nilikuwa karibu na mlango, nikasukuma kigoda, nikawahi kutoka.

Alikuwa ameinua sahani. Ilikuwa tupu, imesafishwa.

"Niongezee," akasema.

Nikaichukua, nikarudi jikoni, nikampita mdogo wangu bila kumwambia alichoomba baba. Nikapakua ule ugali alioupika yeye, kwa mkono wangu, nikampelekea.